Kompyuta Iliyojua Saa Nne

Nianze na kosa langu mwenyewe, kabla hujalisikia kwa mtu mwingine likiwa limeongezwa chumvi. Mwaka 1993 mimi Jenoveva, mpiga chapa wa ofisi moja ya pamba mjini Musoma, niliwapita wenzangu wanne katika mstari tulioapa kwenda pamoja. Nikabaki kazini, wao wakaondoka. Watatu wamenisamehe, au wamechoka kukasirika, na mimi siulizi ni lipi kati ya hayo. Wa nne ni Nyamburi, na huyo ndiye niliyetamani kumwona tena kila siku ya Mungu.

Tulikuwa watano katika chumba kimoja kinachotazama ziwa: Hyasinta wa Kibara, Tereza, Ursula, Nyamburi na mimi. Taipureta tano zikipigwa kwa pamoja, mgeni akiingia alishika masikio. Miaka ile ya shida, sabuni ilipokuwa ya kupangia foleni, mche mmoja tuliugawa kwa uzi vipande vitano. Utepe wa taipureta ukikauka hapakuwa na mwingine, basi tuliulainisha kwa tone la mafuta ya taa, na barua zote za ofisi zikanuka jiko la mchina. Saa nne tulikunywa chai, hata ilipokuwa chai kavu, hata ilipokuwa maji ya moto yaliyopewa tu heshima ya jina. Nyamburi alikaa nyuma yangu. Sote wawili tulitoka Butiama, tulianza kazi wiki moja, tukazaa mwaka mmoja, na tulijuana mpaka kikohozi.

Kisha yakaja mageuzi. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa njiani, ofisi ikaambiwa ipungue, na ili ipungue vizuri ikaletewa kompyuta. Tulifundishwa wote kuitumia kwa wiki mbili. Siku ya mwisho ya mafunzo meneja wetu, Mzee Magesa, mtu mwenye sauti ya anayeomba maji nyumba ya jirani, alisimama mlangoni.

"Kina mama, sikuamua mimi," alisema. "Atabaki mmoja. Kesho mtafanya mtihani kwenye hiyo kompyuta, dakika kumi kumi. Atakayepiga maneno mengi ndiye huyo."

Alipotoka, Nyamburi ndiye aliyefunga mlango. Lazima ujue kwanza jambo moja la kwetu. Butiama watu huitana kulima, leo shamba la huyu, kesho la yule, na kazi hiyo huitwa risaga. Majembe hukaa mstari mmoja, na mstari huenda kwa mwendo wa aliye mzito kuliko wote. Ukimwacha mwenzako nyuma umemtukana mbele ya watu, hata kama hukufungua mdomo.

"Tufanye risaga," alisema Nyamburi. "Wote tunapiga mwendo wa Hyasinta. Maneno mia tatu, basi. Wakituona tuko sawa watachaguaje? Tutawaambia watupatie kazi kwa zamu, kila mtu wiki yake. Tutakula kidogo, lakini tutakula wote."

"Mimi nilijuaga tu kuna siku uzito wangu utafaa watu," alisema Hyasinta, na tukacheka mpaka Ursula akalia.

Kesho yake Hyasinta alipiga maneno mia mbili tisini na nane. Tereza mia tatu na manne. Ursula mia tatu na moja. Nyamburi alipiga mia tatu kamili, kwa makusudi, ndivyo alivyo. Mimi nilikuwa wa mwisho, na wenzangu walisimama nyuma yangu.

Nikaanza polepole. Naapa nilianza polepole. Lakini vitufe vya ile kompyuta vilikuwa laini, na mstari ukiisha hakuna kengele inayolia, hakuna gari la taipureta la kurudisha kwa mkono. Maneno yanajishukia yenyewe mstari wa chini. Nikaingia humo ndani nikafunga mlango. Nilipoinua kichwa Mzee Magesa alikuwa ameshika saa, na mhasibu alikuwa akihesabu: mia sita na arobaini.

Nyamburi alinitazama. "Nilikohoa mara tatu, Jeno," alisema. "Hukusikia?"

Sikusikia. Nilimwambia hivyo, na nikaona jinsi lilivyo neno la kipuuzi likisemwa kwa sauti. Nani ataamini kwamba mtu anaweza kusahau watu wanne waliosimama mgongoni mwake kwa sababu ya herufi? Mimi mwenyewe, usiku nikiwa na mwanangu Leodgar, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia sekondari, nilijiuliza kama nilisahau au nilitaka kusahau. Sina jibu mpaka leo. Nyamburi alichukua kikombe chake kwenye kabati, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," akaenda zake. Baadaye nikasikia yuko Buhemba, anapikia wachimbaji wa dhahabu.

Majuto ni mjukuu, na huyu wangu alikuja kuishi nami ofisini. Chumba cha watu watano nilikaa peke yangu. Ile kompyuta ilikuwa na maandishi ya kijani kwenye kioo cheusi, na haikuwa na mwisho. Zamani kila ukurasa ulikuwa na mlango wa kutokea: unachomoa karatasi, unapanga kaboni, unapuliza ufutio, unageuka kumwambia mwenzio jambo. Sasa nilikaa asubuhi nikainuka mchana, sijala, sijasalimia mtu. Watu waliingia, wakasimama, wakatoka, wakanisema kwamba nimekuwa bosi. Nilipotoka nje, macho yameshiba ule ukijani, kila kitu cheupe nilikiona cha rangi ya waridi. Mashuka kwenye kamba, maziwa kwenye kikombe, hata shati la shule la Leodgar. Nilimgombeza kwamba amelifua pamoja na nguo nyekundu, mtoto akaapa kwamba ni jeupe. Pumziko langu la kweli lilikuwa umeme kukatika, na namshukuru Mungu ulikatika sana.

Na nilikosea mno. Kwenye orodha moja ya wakulima nilirudia kijiji kizima mara mbili. Ndipo Mzee Magesa alipomwita Felisiani.

Felisiani alikuwa kijana wa Bunda, wa miaka ishirini na saba hivi, aliyeanzia kwenye redio za watu kabla ya kwenda Dar es Salaam kusomea kompyuta. Nilidhani ataifungua mashine. Hakuifungua. Alivuta kiti akakaa pembeni na daftari, siku ya kwanza yote na ya pili yote, akinitazama mimi.

"Fundi," nilimwambia siku ya pili, "mgonjwa ni hiyo hapo mezani."

"Shikamoo yangu hujaijibu toka asubuhi, mama," alisema. "Nimekusalimia mara mbili."

Nilimwomba radhi, na aibu ilinishika kwelikweli. Akanisomea daftari lake: nimefikicha macho mara thelathini na moja, nimeshika kiuno mara kumi na mbili, sijainuka kwa saa tatu na dakika ishirini. Makosa yote ya siku hiyo yalikuwa baada ya saa ya pili.

"Mashine ni nzima," alisema. "Ila waliyemfikiria wakati wanaitengeneza hakuwa na mgongo. Zamani mlikuwa mnapumzikaje?"

"Hatukuwa tunapumzika. Tulikuwa tunachapa kazi."

"Na kengele je? Na kubadili karatasi? Na chai?"

Kumbe tulikuwa tunapumzika siku nzima, ila pumziko lilikuwa limefichwa ndani ya kazi, na wala hatukulijua jina. Niliposema hivyo kijana akaandika mbio, na kuanzia siku hiyo hakuwa fundi na mimi mwenye mashine. Tulikuwa watu wawili tunaotengeneza kitu.

Tulikaa na jambo lile miezi miwili. Yeye aliandika programu, mimi nilimwambia kinachoudhi. Kwanza akaweka kengele ndogo mstari ukikaribia kuisha. Kisha akafanya mstari ninaoupiga ung'ae peke yake na mingine yote ififie, macho yasizurure. Ukurasa ukiisha, kioo kilifungwa kwa muda wa kunywa maji. Na ikifika saa nne, kompyuta iligoma kabisa, robo saa nzima, hata uibembeleze vipi. Mzee Magesa aliposikia alishika kichwa. Mashine imeletwa ili kazi iende mbio, sasa inafundishwa kugoma! Lakini mwezi ulipoisha orodha zilikuwa hazina kosa, akasema basi, igome.

Neno ndilo lililotugombanisha. Felisiani alikuwa ameandika kwamba kioo kikifungwa yatokee maneno: TAFADHALI PUMZIKA.

"Toa hilo," nilisema. "Hilo ni la hospitali. Nikiliona nabonyeza tu liondoke."

"Sasa unataka liseme nini?"

"Sitaki liseme nini. Nataka aseme nani."

Hata mimi sikujua kama nilikuwa nalo hilo moyoni. Nikamweleza habari za wenzangu, zote, pamoja na mtihani. Hakunipa pole wala hakunihukumu. Alisema tu, "Haya, nisomee mmoja mmoja anavyosema." Na nikamsomea, nikicheka, na machozi yakinitoka bila ruhusa.

Basi ikawa hivi. Ukurasa ukiisha, kioo kinakuwa cheusi, kisha anatokea mmoja. *Hyasinta anasema: Jamani nisubirini.* Au, *Ursula anasema: Macho si mali ya ofisi.* Au, *Tereza anasema: Nani kaniibia kijiko?* Na saa nne kamili, huyu hakubadilika kamwe: *Nyamburi anasema: Inuka, mama. Mgongo si ubao.*

Nilikuwa nikiinuka. Fundi angeniambia nisingeinuka, daktari angeniambia nisingeinuka, lakini Nyamburi akisema niliinuka. Nilitoka na kikombe mpaka ukingoni mwa ziwa, nikatazama watu wakipakua sangara, macho yakapoa, na kile cheupe kikarudi kuwa cheupe. Nilikuwa mzima kuliko nilivyokuwa mwaka mzima. Lakini nikirudi chumbani, viti vinne vilikuwa vitupu vilevile. Nilimtaka mwenye sauti. Nilitaka siku moja aseme neno jipya ambalo mimi sikumwandikia.

Ofisi mbili za mjini zikasikia, zikataka programu ile. Felisiani akafurahi, lakini akaweka sharti.

"Majina ya watu hayatoki hapa bila wenyewe kujua," alisema. "Nenda kawaulize, mama."

Hyasinta nilimkuta sokoni Musoma na dagaa wake wa Kibara. Alicheka akaita na jirani zake waje wasikie kwamba yuko ndani ya kompyuta. Ursula na Tereza walijibu kwa barua, Tereza akiuliza tena kuhusu kijiko. Akabaki Nyamburi. Nilifurahi kupata sababu, sitadanganya. Mwaka mzima nilikuwa nimekosa pa kuanzia, na sasa nilikuwa na karatasi mkononi.

Niliipiga ile karatasi safi, sentensi zote za wote wanne, na chini nikaacha nafasi ya yeye kuweka sahihi. Jumamosi asubuhi nikapanda gari. Nilipita Butiama bila kushuka hata kusalimia nyumbani, jambo ambalo mama yangu amelisikia na amelisema. Njia nzima nilikuwa narudia maneno ya kuomba msamaha, mpaka jirani yangu akauliza kama naenda kutoa ushahidi mahakamani.

Buhemba nilipokelewa na kelele za watu wanaoponda mawe. Mgahawa wa Nyamburi ulikuwa nguzo nne, turubai juu, mafiga matatu chini. Hapakuwa na mtu mwingine anayemsaidia. Alikuwa ameinamia sufuria, na alikuwa amekonda.

"Karibu mama," alisema bila kuinua uso. "Kuna ugali na samaki furu, kuna na maharage."

Aliniita mama, kama mteja yeyote. Nilisimama palepale, na ndipo alipotazama.

"Aa," alisema. "Mama Leodgar."

Miaka kumi na minne alikuwa akiniita Jeno. Niliketi kwenye benchi. Tuliulizana habari za watoto, za mvua, za Butiama, akikoroga sufuria wakati wote. Yale maneno yangu ya mahakamani yalinikimbia, basi nikatoa karatasi. Alifuta mikono kwenye kanga, akaisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Kwa Hyasinta alicheka kidogo. Kwa kijiko cha Tereza alicheka sana, na moyo wangu ukaruka. Kisha akafika kwake.

"Nyamburi anasema: Inuka, mama. Mgongo si ubao." Kidole kikasimama hapo. "Hii inatokeaga lini?"

"Saa nne."

"Kila siku?"

"Kila siku ya kazi."

"Na wewe unainukaga?"

"Nainuka. Ukisema wewe naenda mpaka ziwani. Imeniponya macho, Nyamburi. Kweli."

Aliikunja karatasi mara mbili, akaiweka chini ya kopo la sukari, na akaendelea kukoroga.

"Mimi naenda maji kule bondeni mara tatu, jua halijatoka," alisema. Hakuwa amepandisha sauti. "Nakuja nakoka moto. Hawa watu wakitoka shimoni wanataka kukuta chakula hapohapo, saa yoyote. Toka asubuhi mpaka jua linazama sikaagi chini. Huu mgongo umekufa toka masika. Sasa nielezee, mpiga chapa. Mimi nakupumzisha wewe huko Musoma kila saa nne. Mimi ananipumzishaga nani?"

Niliona uso wangu ukiwaka. Felisiani, kijana ambaye hakunijua, alikaa akanitazama siku mbili kabla hajagusa kitufe. Mimi nilikuwa nimekuja na karatasi iliyokwisha kupigwa. Niliwauliza wanawake watatu kama naweza kutumia majina yao, na sikumuuliza hata mmoja mgongo wake ukoje. Nyamburi huyu nilimtamani mwaka mzima, na katika kumtamani kwangu hakuwa amechoka hata siku moja.

Niliinuka, nikamshika mkono wenye mwiko.

"Kaa," nilisema.

"Wateja wanakuja."

"Kaa, Nyamburi."

"Hujui nani anakula nini."

"Watasema. Wana midomo."

Tulivutana ule mwiko kidogo, wanawake wawili wazima. Kisha vidole vyake vikalegea, na hilo lilinitisha kuliko hasira yake yote. Alikaa juu ya dumu la maji lililopinduliwa, akaegemea nguzo, akavua ndala. "Hilo jina langu liache kwanza," alisema. "Nitafikiri."

Wachimbaji wakaja, wameshikwa vumbi mpaka kope. Nikapakua. Ugali wangu ulitoka na madonge, nami nikaupanga kwenye sahani kwa ujasiri.

"Leo mpishi kabadilika?" aliuliza mmoja.

"Kula wewe," alijibu Nyamburi kutoka kwenye dumu, macho ameyafumba. "Na nyie wengine, huyo ni mgeni, msimsumbue. Furu wako kwenye hilo sufuria dogo."

Nilipakua furu. Nikachochea moto, nikaongeza maji ya ugali wa pili, nikabeba ndoo mpaka bondeni na kurudi, na mgongo wangu wa ofisini ukaniambia yote uliyokuwa unayafikiri juu yangu. Niliporudi, watu walikuwa wamepungua na Nyamburi amelala. Amelala ameketi, kinywa wazi, viganja vimegeuka juu mapajani, kimoja kimefungwa kitambaa chenye doa la kuungua. Sikuwahi kumwona amelala. Katika kujuana kwetu kote, hilo lilikuwa bado.

Niliosha sahani moja moja, bila kuzigonganisha. Gari la mwisho la Musoma lilikuja, kondakta akapiga kelele barabarani, na mchimbaji mmoja aliyejua nilikotoka akaniashiria kwa kidole. Nilitaka kuondoka na kitu. Nilitaka aamke aniite Jeno, mara moja tu, hata kwa kunigombeza. Jua lilikuwa limegeuka likimpiga usoni kupitia tundu la turubai. Nilivua kanga yangu ya juu, nikasimama mbele yake nikiwa nimeitandaza kwa mikono miwili, gari likaondoka, na sikumwamsha.